Ambulansi tunazililia kila siku, ila ile saa moja kabla gari halijafika nani anakaa na mgonjwa? Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe tukutane hapa

#1 Nesi wa Mlimani (mleta uzi)

Kamwene wakuu, na wa kule Rungwe ugonile.

Naomba mnivumilie uzi ni mrefu, jambo lenyewe limenikaa moyoni toka masika yaliyopita na nimeona nisipoliandika nitaendelea kulibeba peke yangu.

Mimi ni muuguzi mkunga, zahanati moja milimani huku wilaya ya Kilolo, kijiji sitakitaja maana wahusika ni majirani zangu. Tuko watumishi wawili tu, mimi na tabibu, na tabibu akiitwa semina au akiugua nabaki mimi na dada anayetufanyia usafi. Usiku huo nilikuwa peke yangu. Mama mmoja, uzao wa tano, alijifungua vizuri tu mida ya saa tano, mtoto kalia, sindano ya oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi kapata, kondo la nyuma limetoka zima nimeligeuza nimelikagua, nikasema Mungu asante. Niko naosha vifaa nasikia mama mkwe wake ananiita kwa sauti ya chini kabisa, "sista, mbona godoro limelowa".

Nikaweka mkono tumboni. Mfuko wa uzazi unatakiwa uwe mgumu kama mpira, huu ulikuwa umelegea kama ugali ulioharibika. Nikaanza kuukanda, nikatundika dripu, nikaongeza dawa, damu inakuja tu. Sasa mtandao ndani ya zahanati hamna, unapatikana pale kwenye mparachichi karibu na ofisi ya kijiji, kwahiyo nikamshika mume wake mkono nikamwandikia 115, ile namba ya bure ya dharura za uzazi, kwenye kiganja kwa kalamu nikamwambia kimbia, wakipokea sema mke wangu amejifungua damu haikati na taja jina la zahanati, basi, usieleze kingine. Kisha nikavaa glovu ndefu nikafanya kile nilichofundishwa kwenye mdoli siku mbili tu miaka ya nyuma, ngumi ndani, mkono mwingine nje juu ya tumbo, unaubana mfuko wa uzazi katikati na huachii. Tochi ya simu ilishikwa na mama mkwe, mkono wake unatetemeka mwanga unacheza ukutani na mimi namwambia mama usiangalie huku, niangalie mimi usoni.

Wakuu sijui kama mnajua dakika arobaini ni ndefu kiasi gani. Mkono ulikufa ganzi mpaka begani.

Gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine, lakini wale wa 115 wakampigia dereva wa jamii mwenye Noah kata ya jirani, akaja, ila kafika ng'ambo ya mto akakwama maana daraja la magogo lilikuwa linateleza hakuna gari linalopita. Bahati kulikuwa na msiba nyumba ya nne, vijana wako macho wanaota moto, wakakata mianzi miwili wakafunga blanketi wakatengeneza machela. Kufikia hapo damu ilikuwa imepungua sana, tukambeba kwenye mvua ile na chupa ya dripu kaishika mtu mmoja juu, tukavuka kwa miguu, tukampakia. Hospitali aliongezwa damu. Yuko hai, juzi kaniletea mahindi mabichi, mtoto anatambaa.

Sasa hoja yangu ni hii. Kila kampeni tunaahidiwa gari la wagonjwa, na gari likija tunalipokea kwa ngoma, sibezi, tunalihitaji. Ila mama anayetoka damu kwa kasi ile anaweza kuondoka ndani ya masaa mawili. Mtoto aliyezaliwa hapumui, yeye anahitaji mtu ndani ya dakika moja ya kwanza. Hakuna gari duniani litakalotoka makao makuu ya wilaya likafika mlimani kwetu ndani ya dakika moja. Kwahiyo aliyekaa na mgonjwa muda ule ndiye dharura yenyewe, na huyo mtu ni nesi mmoja mwenye usingizi, au bodaboda, au mama mkwe mwenye tochi.

Wenzetu waliosomea haya mambo toka 1994 waliandika kwamba mama anakufa kwa kuchelewa mara tatu, anachelewa kuamua kwenda, anachelewa kufika, na akishafika anachelewa kuhudumiwa. Sisi huku pesa na kelele zetu zote tumezielekeza kwenye ile ya pili. Ya kwanza na ya tatu zinahusu watu, na watu ndio hatuna, na tulionao hatujawafundisha.

Niambieni huko kwenu hali ikoje. Tiririkeni.

#2 Boda wa Tukuyu

Ndaga sana dada, umenifanya nimekaa kimya.

Mimi ni bodaboda, nimebeba majeruhi na wagonjwa wengi kuliko hilo gari linalosemwa. Nitaongea ukweli, tunawabeba vibaya. Mtu kaanguka kwenye mparachichi wakati wa kuvuna, mgongo unauma hawezi kusimama, sisi tunamuweka katikati mshikaki, mimi mbele, ndugu yake nyuma kamkumbatia, tunashuka naye kwenye mawe yale ya Rungwe unayajua wewe mwenyewe. Siku moja nilimpeleka kijana namna hiyo, njiani akaanza kusema miguu haisikii. Sijui kama ni kuanguka ndiko kulimuumiza hivyo au ni pikipiki yangu. Hilo swali nalala nalo.

Hakuna aliyewahi kutuita akatuambia mtu wa mgongo mlaze kwenye ubao mfunge asicheze shingo, subirini gari hata la mchanga. Tunaitwa tu kufundishwa alama za barabarani na kukamatwa helmeti. Nilisikia kule Mwanza bodaboda wamefundishwa huduma ya kwanza na wanaitwa kwa simu ajali ikitokea. Mwanza wana nini ambacho sisi hatuna?

Jingine ni PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Vijana wengi wanamuacha majeruhi barabarani wanaogopa wakimfikisha wataulizwa wao ndio wamemgonga, waanze kulala polisi. Hofu hii iondolewe kwa maneno ya wazi kwenye mikutano ya vijiji, ile fomu ni ya ushahidi, damu haiisubiri.

#3 Mtu wa Misindano

Mleta uzi asante. Ila naomba niseme kitu kuhusu hiyo 115 maana wengi hawajui.

Ile namba ni ya mfumo wa usafiri wa dharura unaoitwa m-mama, ni ya bure, ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ni kitu kizuri sana, ilianzia Sengerema na Shinyanga ndio ikaja nchi nzima baada ya uzinduzi wa 2022, dereva wa jamii analipwa kwenye simu akishamfikisha mgonjwa, familia haitoi hata mia. Sawa. Sasa mimi nafanya kazi za magogo huku Mufindi. Gogo likimkandamiza mtu mguu msituni anapiga ngapi? Mwaka jana mwenzetu msumeno ulimruka ukampasua paja, tulifunga shati tukaanza kupiga simu kwa bosi, bosi hapokei, kwa msimamizi, hana salio, mwisho tukasimamisha fuso la mbao. Aliishi, ila alifika kapauka kama karatasi na mguu alikuja kuupoteza.

Kama mfumo upo tayari, namba ipo, wanaopokea simu wapo masaa 24, madereva wana mikataba na bei inajulikana, kwanini usipanuliwe ukachukua na ajali, na nyoka, na mtoto aliyeungua? Au basi wenye viwanda vya mbao na mashamba ya chai wachangie ule mfuko, maana wanaoumia ni watu wao.

#4 Nesi wa Mlimani

@Mtu wa Misindano hapo umegusa penyewe. Mimi nimepigiwa hodi usiku na wazee wamebeba kijana wa kifafa kaungulia motoni, napiga 115 wananijibu kwa heshima kabisa kwamba hiyo haiingii kwao, na siwalaumu, ndio utaratibu waliopewa. Ukishaona mfumo unafanya kazi kwa mmoja, unaumia zaidi ukimwangalia mwingine aliyelala pale pale kitandani hana namba.

@Boda wa Tukuyu kaka usijihukumu. Ulimbeba kwa sababu hakuna mwingine aliyekuja.

#5 Hoja ya Mezani

Nitapingana kidogo. Hizi habari za kufundisha bodaboda na wanakijiji mimi naziona ni kuisaidia serikali kukwepa wajibu. Tunalipa kodi, tozo, mwananchi wa Kilolo anastahili kile kile anachopata mtu wa Dar. Leo tukikubali bodaboda awe ndio ambulansi, kesho bajeti ya ambulansi inapelekwa kwingine na tutaambiwa mbona mna mfumo wenu. Tudai madaktari, tudai magari, tudai barabara. Hizo zingine ni huduma za watu maskini.

#6 Daktari wa Kanda

Nimefanya kazi idara ya dharura kwa miaka kadhaa na kwa sasa niko Mbeya, naomba nimjibu ndugu hapo juu kwa heshima zote.

Mkuu, hata nchi hizo tajiri mgonjwa anaguswa kwanza na mtu wa kawaida. Siyo umaskini, ndivyo mwili wa binadamu ulivyo, ubongo ukikosa hewa dakika chache unaanza kufa haujali kodi umelipa kiasi gani. Ila hoja yako ya wajibu wa serikali naiunga mkono mia, kimoja kisiue kingine.

Tukumbuke pia fani yenyewe kwetu bado changa. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo ndio mafunzo ya madaktari bingwa wa dharura yakaanza. Kabla ya hapo mgonjwa wa ajali na mwenye mafua walikaa benchi moja wakisubiri kuitwa. Zile pesa za UVIKO trilioni 1.3 za 2021 zimejenga majengo ya dharura sehemu nyingi, majengo mazuri, nimeyaona. Lakini jengo la dharura ambalo aliyeko zamu hajui kupanga nani aonwe kwanza bado ni benchi lile lile limepakwa rangi mpya. Mabingwa tulionao hawatoshi hata hospitali za mikoa, kwahiyo kusema tusubiri bingwa afike zahanati ni kuwadanganya watu.

Kinachowezekana ni hiki. Kuna kozi ya msingi ya huduma ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, ya siku tano tu, ilitoka 2018 na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoijaribu mapema pamoja na Uganda na Zambia. Inamfundisha nesi na tabibu wa kawaida kwenda kwa mpangilio bila kupaniki, njia ya hewa iko wazi? anapumua? damu inazunguka au inamwagika? fahamu zake vipi? halafu mfunue nguo umwangalie mwili mzima usije ukakosa jeraha la mgongoni. Haihitaji mashine kubwa. Nimeona watu waliotoka kwenye kozi hiyo, mgonjwa akiletwa kwetu anakuja na dripu mbili, kafungwa vizuri, na karatasi inayosomeka, badala ya kutupiwa mlangoni gari likageuza.

Na kwa damu ya uzazi kuna utafiti mkubwa ulitoka 2023, Tanzania ilikuwemo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali 80. Waliweka plastiki yenye mistari ya vipimo chini ya mama akishajifungua ili damu ionekane ni kiasi gani badala ya kukisia kwa macho, halafu wakikuta imezidi wanafanya vitu vyote kwa pamoja, kukanda, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kuchunguza inatoka wapi. Matatizo makubwa ya kutoka damu yalishuka kwa asilimia 60. Plastiki wakuu, na utaratibu. Yule mama mkwe aliyesema godoro limelowa ndiye alikuwa kipimo usiku ule.

#7 Mhudumu wa Kitongoji

Mimi ni mmoja wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ule mpango uliozinduliwa Januari 2024 wa kufundisha wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, tumesoma miezi sita. Niko Makete.

Kuhusu kuchelewa kwa kwanza alikosema mleta uzi, huko ndiko tunakofanyia kazi sisi na ni kugumu. Makete baridi mnaijua, Juni na Julai watu wanaingiza jiko la mkaa ndani wanafunga mlango na kuziba matundu na magunia. Niliitwa alfajiri nyumba moja, nimekuta baba, mama na watoto wawili wamelala, majirani wako nje wanabishana kama ni kurogwa, mmoja kashatumwa kumfuata mganga kijiji cha pili. Hakuna aliyekuwa amefungua dirisha. Nilisukuma mlango tukawatoa nje kwenye hewa mmoja mmoja, watatu walirudi fahamu baadaye, mtoto mdogo hakurudi. Hapo alihitajika mtu wa kwanza kufika awe anajua tu kwamba moshi wa mkaa usioonekana unaua na dawa ya kwanza ni kumtoa nje. Hata gari halikuhitajika.

Toka siku hiyo kila mkutano wa kitongoji naomba dakika tano. Nasema mkaa. Nasema mtoto akiungua mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kama dakika ishirini, acheni dawa ya meno na mayai. Nasema mwenye degedege alazwe ubavu asiwekewe kijiko mdomoni. Watu wanasikiliza, mzee mmoja juzi alinisahihisha niliposahau la kijiko.

#8 Wa Mwambao

Naona mnaongelea barabara tu. Sisi wa mwambao wa Nyasa upande wa Ludewa gari letu ni boti, na upepo wa mwera ukivuma hakuna boti. Dada yangu alikaa siku mbili uchungu umekwama tunaangalia mawimbi. Alijifungua mtoto kafa, yeye mwenyewe alipona kwa neema.

Kilichobadilisha kwetu siyo boti mpya. Ni nyumba ya kusubiria. Mimba ikifika mwezi wa tisa, kama ni ya kwanza au ulishafanyiwa upasuaji, unavuka mapema kungali shwari unakaa jirani na hospitali na ndugu mmoja wa kukupikia. Shida yake ni chakula na nani anabaki na watoto na mihogo nyumbani, wanaume wengi wanakataa hapo. Nawaomba mnaopanga mipango muulize hilo kwanza, nani atabaki na watoto.

#9 Afisa Tabibu asiye na kituo

Niongezee upande mwingine. Mimi nimemaliza diploma ya utabibu wa kliniki miaka minne iliyopita, nina leseni, niko Mbeya nauza vocha na kujitolea siku tatu kwa wiki hospitali moja bila hata nauli. Tuko wengi. Kila ajira zikitangazwa tunaomba kwa maelfu. Huku namsoma dada anasema yuko peke yake usiku na zahanati ina watu wawili. Nipeni huo usiku. Yaani nchi ina upungufu wa watumishi na wakati huo huo ina watumishi wamekaa nyumbani, hii mimi inaniumiza kuliko ukosefu wa hela mfukoni.

#10 Nesi wa Mlimani

@Afisa Tabibu mdogo wangu nimekusoma mara mbili. Pole sana.

Kuhusu watumishi naomba niseme nilichokiona kwa macho maana watu wanasema nesi wanakimbia vijijini kwa sababu hawana wito. Nimeona wenzangu wanne wakija wakaondoka. Wa kwanza alipewa chumba kimoja nyuma ya zahanati, bati linavuja, mlango hauna kitasa, ni binti wa miaka 23, usiku wanaume walevi wa ulanzi wanagonga wakidai dawa ya maumivu. Alikaa miezi mitano. Wa pili mume wake alikuwa Dodoma, akaomba uhamisho. Wa tatu alipoteza mtoto mchanga mikononi, akapigiwa simu na mkubwa mmoja kule juu akafokewa dakika kumi nzima, akaambiwa aandike barua ya kujieleza, hakuna aliyemuuliza umelala? umekula? Yule dada alikuwa mkunga mzuri kuliko mimi. Aliacha kazi kabisa, sasa hivi ana duka la nguo.

Vikao vya kujadili kifo vipo na ni muhimu, lengo lake ni kujua kilichokosekana, lakini vikigeuka vya kumtafuta mchawi tutaanza kuficha, na wengine tayari wanaficha, mgonjwa akionekana mbaya anapewa rufaa haraka ili afie njiani au kwa mwingine. Nasema hili kwa uchungu maana nimewahi kushawishika.

Mimi nilibaki kwa nini? Kijiji kilinijengea nyumba ya vyumba viwili, matofali walichoma wenyewe. Jirani yangu bibi mmoja anakuja kulala kwangu nikiwa peke yangu. Na kuna daktari wa hospitali ya misheni ambaye alinipa namba yake akasema nipigie saa yoyote, na kweli anapokea, saa nane usiku anapokea, ananisikiliza, anasema umefanya vizuri sasa ongeza hiki. Hivyo vitatu vinanishikilia. Mshahara ni ule ule wa mwenzangu aliyeko mjini.

@Hoja ya Mezani hoja yako naiheshimu na mimi nadai pia. Takwimu za kitaifa zinasema vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja (utafiti wa 2015/16) mpaka 104 (ule wa 2022). Ni hatua kubwa sana na kuna watu wamefanya kazi usiku na mchana. Ila nikiangalia nilipo mimi, hao waliobaki wako ng'ambo ya mito kama wa kwetu, na huko gari limeshagota. Tudai gari, na wakati tunadai nimfundishe kijana anayeota moto msibani namna ya kubeba.

#11 Boda wa Tukuyu

Sasa dada nisaidie kitu kimoja. Sisi kijiwe chetu tuko 34, tuna kikundi, tumeomba ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Nikiwapelekea hoja kwamba tufundishwe huduma ya kwanza, wataniuliza tunapata nini. Niwajibu nini?

#12 Daktari wa Kanda

@Boda wa Tukuyu waambie kitu cha kwanza mnachopata ni kujikinga wenyewe, anayeanguka kwanza ni bodaboda, na mwenzake ndiye atakayekuwa wa kwanza kumgusa. Muone mganga mkuu wa wilaya yenu, mpelekee barua ya kikundi, muombe siku mbili tu. Mambo matano yanatosha kuanza: kubana damu kwa kitambaa safi na kukandamiza bila kuchungulia chungulia, kufunga mfupa uliovunjika kwa ubao au mianzi hapo hapo kabla ya kunyanyua, kumlaza ubavu asiye na fahamu anayepumua, kutomkunja wa mgongo, na kupiga simu kituoni kabla hamjafika ili tuwe tumesimama mlangoni. Hilo la simu watu hulidharau. Nikijua unakuja na nini, damu naiulizia mapema.

#13 Mtu wa Misindano

Kwenye damu hapo hapo daktari, sisi kambini tuko vijana zaidi ya 60 wenye afya, hakuna aliyewahi kuja kutuchangisha. Gari la damu salama linaenda mashuleni tu. Tuiteni.

#14 Hoja ya Mezani

Nimesoma yote. Bado nashikilia kwamba serikali isiachiwe, ila nakubali nilikuwa naongelea gari kwa sababu sijawahi kukaa na mgonjwa usiku. Mimi ni fundi wa kuchomelea niko Makambako. Machela ya bomba jepesi inayokunjika, yenye mikanda ya kumfunga mtu, inanigharimu siku moja na nusu. Nesi nitumie vipimo vya mlango wa zahanati yako na upana wa hiyo njia ya kwenda mtoni, nitatengeneza mbili nitume na basi mpaka Iringa.

#15 Nesi wa Mlimani

Mkuu nimekaa nikalia kidogo, asante.

Mlango ni sentimita 88 nimepima sasa hivi. Njia ya mtoni sehemu nyembamba ni kwenye ukingo wa juu, watu wawili hawapishani, kwahiyo washikaji wakae mbele na nyuma tu, siyo pembeni, na kuna kona moja kali kwenye mwamba, machela ikizidi urefu wa mtu mrefu itagota. Mikanda iwe mitatu, kifuani, kiunoni na magotini, na kama inawezekana uweke ndoano ya kutundikia dripu upande wa kichwa maana yule kijana aliyeshika chupa usiku ule aliteleza mara mbili.

Updates kwa wote: nimeongea na mwenyekiti, Jumamosi baada ya mnada nimepewa saa nzima uwanja wa ofisi ya kijiji. Nitaanza na wale vijana sita wa msibani, wameshakubali, na yule mama mkwe kasema na yeye anakuja. Mdoli sina, tutatumia gunia la maharage kumbeba na chupa ya maji yenye tundu kujifunza kubana damu. Kama kuna mwenye mfuko na barakoa ya kumpumulisha mtoto mchanga wa kujifunzia, hata uliochakaa, anicheki PM, huu wangu mmoja naogopa kuutoa nje ya chumba cha kujifungulia, nina mama wawili wana tarehe wiki hii.